Safu ya Nne

Mali bila daftari huisha bila habari,
nami niliajiriwa Liepāja niwe daftari.
Wakanipa chumba juu ya kituo cha maji,
dirisha linalotazama reli za tramu,
na jedwali lenye safu nne:
kitu, mahali, tarehe, mwenyewe.

Safu tatu zilijaa kabla theluji haijashika ardhi.
Ya nne ilibaki nyeupe.

Nikaunda programu ya kupiga hodi.
Mji ukilala, ilipita anwani kwa anwani:
Hodi, u nani? Hodi, nani kakuweka?
Swichi ziliitika. Printa za shule ziliitika.
Pampu saba ziliitika, ya nane ikanyamaza,
nikaiandika "haipo",
kumbe ipo, kiziwi tu,
inasukuma maji tangu enzi za Sovieti.

Kisichoitika si lazima kimekufa.
Na kinachoitika si lazima ni chako.

Hilo la pili nilifunzwa saa tisa na nusu usiku.
Simu. Ausma, muuguzi, ng'ambo ya mfereji:
"Nani anayegonga mashine zangu za dripu?
Mbili zimezima. Nahesabu matone kwa macho."
Hakupaza sauti. Angepaza, ningejitetea.
Nilitaka kumwambia waya wetu ni mmoja,
kwamba mlango ulikuwa wazi.
Mlango wazi si karibu.

Kulipokucha nikachora mstari mwekundu kwenye ramani:
hapa macho yangu yafike,
hapa yasifike, hata udadisi ukiwasha kama upele.
Katikati nikaacha ukanda mwembamba
wa kuomba ruhusa, kutaja saa, kungoja jibu.
Ausma hujibu kwa neno moja. Mara nyingi ni "Alhamisi".

Halafu lile sanduku.
Chini ya ngazi za posta ya zamani,
la kijivu, taa moja ya kijani, halina kibandiko.
Watu wa maji: si letu.
Watu wa tramu: si letu.
Zigurds wa umeme akacheka:
"Umeme linaokula ni wetu. Mlaji simjui."
Wote walilifahamu kwa sura, hakuna aliyelifahamu kwa jina.
Nami nilikuwa na sheria ya kijana:
kisicho na mwenyewe, kizime; mwenyewe atalia.

Nikachomoa.

Siku mbili, kimya. Nikajipongeza.
Siku ya tatu, nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri,
tramu ya alfajiri ilikwama kwenye kona,
reli ya kugeuzia imeganda kama taya la maiti.
Sanduku ndilo lililokuwa likiipasha moto.
Waliolia walikuwa abiria, kwa miguu,
na mtoto mmoja aliyebeba fidla kuliko kimo chake.

Akaja Ilgvars, mstaafu, kofia ya sufi, hakuulizwa.
Akapiga magoti, akachomeka.
"Nililiweka kwa siku tatu tu," akasema.
Siku tatu zilikuwa na miaka ishirini na sita.

Kikaoni mwanasheria akauliza mwenyewe ni yupi:
aliyelinunua? aliyelifunga? mwenye ngazi?
Makaratasi yakafunguliwa, kahawa ikapoa.
Vizbulīte, aliyetoka zamu, macho mekundu, akasema:
"Mwenyewe ni yule anayeamshwa."
Kila mtu akaitazama simu yake
kama mtu anayeombea isilie.

Sasa sitaki uongo katika safu ya nne.
Mistari arobaini na mmoja inasema "hatujui",
na pembeni jina langu, si kama mwenyewe,
kama anayeendelea kuuliza.

Jana nilipita posta.
Juu ya sanduku Ilgvars ameandika kwa penseli
namba ya simu ya nyumbani kwake,
na chini yake: mpaka mtakapoelewana.
Ana miaka sabini na nane.
Penseli imeanza kufifia.
Nilisimama pale, kalamu ya wino mkononi,
sijui kama niikoze.